Nyumba ya Mapumziko Milimani: Mwongozo kwa Anayeishi Dar es Salaam

Aprili ndio mwezi wa kutafuta kiwanja Uluguru au Usambara. Ukienda Agosti, kila njia inapitika, kila mteremko unaonekana imara, na kijito kinachopita nyuma ya shamba kimelala kiasi kwamba hukikumbuki hata muuzaji akikutajia. Masika huonyesha kila kitu kwa wakati mmoja: gari linakwama wapi, maji ya mlima yanapita wapi, udongo unamomonyoka wapi. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kufuata maji. Nyumba nyingi za mapumziko zinazoharibika mlimani huharibiwa na maji yaliyopuuzwa siku ya kununua ardhi.

Kwanza, chagua upande wa mlima

Kutoka Dar hadi mji wa Morogoro ni kilomita 190 hivi kwa barabara, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, sehemu hiyo huisha ndani ya saa mbili. Lushoto, kule Usambara, ni mbali zaidi: unafika Mombo kwa barabara kuu, kisha unapanda kilomita 33 za lami yenye kona nyingi hadi mjini. Lakini hesabu ya kilomita inaishia kwenye lami. Baada ya hapo hesabu saa, tena saa za siku ya mvua, pamoja na muda wa kushuka na kutembea.

Uluguru ina nyuso mbili. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, unapokea upepo wenye unyevu kutoka baharini, na mvua hunyesha hata miezi ambayo Dar kuna vumbi. Maji hayakosekani, ila bati, mbao na magodoro hupata tabu. Upande wa magharibi, Mgeta na Nyandira, ambako mboga nyingi za sokoni Dar hutoka, ni mkavu zaidi na usiku una baridi kali. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya bahari. Sehemu za juu yake, usiku wa Juni na Julai, joto hushuka chini ya nyuzi 10, na aliyezoea Sinza atalala na blanketi mbili.

Ukifika kiwanjani, jaribu simu kwa laini za kampuni zote, ukiwa mahali penyewe pa nyumba, maana hatua hamsini kuelekea ukingoni hubadilisha mawimbi kabisa. Pima pia muda wa kufika hospitali ya karibu kwa gari na kwa kubebwa. Kama kumbeba mgonjwa hadi barabarani kunachukua zaidi ya saa moja, fikiria upya, hasa ukiwa na mzazi mzee au watoto wadogo.

Ardhi: unanunua kwa nani?

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kisheria imegawanyika katika ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Viwanja vingi vya mlimani viko kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, na ugawaji wa ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa nyumbani kwa muuzaji, mbele ya dalali na rafiki zake wawili, haitoshi.

Fuata utaratibu huu. Anza ofisi ya kijiji kabla hujataja bei kwa mtu yeyote. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na eneo hilo limetengwa kwa ajili gani: makazi, kilimo, malisho, au msitu wa kijiji. Kisha ongea na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, kila mmoja akuonyeshe mpaka kwa miguu yake. Halafu omba kikao. Muhtasari wa kikao uwe na majina ya wajumbe waliohudhuria, sahihi zao na muhuri, na wewe ubaki na nakala. Ukitakiwa kulipa ada au asilimia yoyote ya bei, dai stakabadhi ya serikali. Ukiambiwa stakabadhi itakuja baadaye, na fedha ibaki hadi hiyo baadaye. Mwisho omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kisheria hati hiyo ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa mjini, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni karatasi ya wakulima tu.

Jiandae kueleza utaitumiaje ardhi. Halmashauri ya kijiji ina haki ya kujua kama mgeni anakuja kujenga na kuishi vizuri na watu, au anakuja kuzungusha seng'enge na kupotea miaka kumi. Maelezo ya kweli, yaliyoandikwa, husaidia.

Uluguru kuna jambo ambalo mnunuzi kutoka Dar asipolielewa anaweza kupoteza kiwanja kizima. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Sehemu kubwa ya ardhi ya asili ni ya ukoo, na mwenye sauti juu yake mara nyingi ni mjomba au wazee wa ukoo pamoja na akina mama wenyewe. Mwanamume anaweza kuwa analima shamba la ukoo wa baba yake au wa mkewe kwa miaka thelathini, akalionyesha kama lake, na kweli kila mtu akamwita mwenye shamba. Lakini akifa, shamba linarudi kwa ukoo. Akikuuzia, umenunua kile ambacho hakuwa na uwezo wa kukiuza. Kwa hiyo baada ya shikamoo na maongezi, uliza wazi: "Mzee, shamba hili ni la ukoo gani, na wajomba na mama zetu wa ukoo huo wameridhia?" Waitwe wote, watajwe kwenye mkataba, wasaini au waweke dole gumba. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza nayo iandikwe. Muuzaji anayekuharakisha uruke kikao hiki, mwache.

Mpaka wa hifadhi ni wa kukaguliwa peke yake. Msitu wa Hifadhi Asilia Uluguru, na kule Lushoto ule wa Magamba, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Chukua vipimo vya GPS vya kila kona ya kiwanja, vipeleke ofisi ya TFS na kwa mpima wa wilaya, waviweke kwenye ramani. Usitegemee mstari wa miti unaoonyeshwa kwa kidole. Ndani ya hifadhi hakuna makubaliano na mwanakijiji yatakayokuokoa siku ya kuondolewa.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Mlimani sharti hili hula viwanja vizima, kwa sababu vijito ni vingi na watu wanapenda kujenga wanaposikia maji. Beba futi kamba ndefu. Pima kutoka ukingo wa maji ya masika, si mkondo mwembamba wa Septemba. Kama baada ya kutoa mita 60 unabaki na kipande kisichotosha nyumba, choo na njia, kiwanja hicho ni cha kupanda migomba.

Kwa mtu wa Dar sheria hii ina uzito wa pekee. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya jiji. Anayetiririsha choo kwenye kijito cha Uluguru anawapelekea uchafu huo majirani zake wa Tabata.

Kusoma mteremko

Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000 yalihesabiwa. Watafiti waliopima baadaye walikuta karibu yote yametokea kwenye mashamba na malisho. Kwenye msitu yalikuwa machache mno. Mizizi mirefu ilikuwa imeshika udongo na mwamba pamoja. Hilo ndilo la kukumbuka fundi anapotaka kusafisha kiwanja chote ili mandhari ionekane.

Kabla ya kulipa, tembea mteremko mzima, juu hadi mgongoni na chini hadi bondeni. Ogopa miti ambayo shina limepinda karibu na ardhi kisha likasimama wima: udongo unatembea taratibu chini yake. Ogopa nyufa za umbo la upinde, chemchemi inayochomoza katikati ya mteremko, na sehemu iliyobonyea kama bakuli yenye majani tofauti na ya jirani, maana huko huenda udongo ulishawahi kushuka. Angalia pia kilichoko juu yako. Shamba la jirani lisilo na matuta, au barabara inayomwaga maji yake kwenye kiwanja chako, ni tatizo utakalorithi.

Mwinamo unapimwa kwa mpira wa maji wa fundi. Vuta kamba mlalo mita 10, kisha pima kimo cha kushuka. Kikiwa mita 2 au pungufu, ujenzi ni wa kawaida. Kikizidi mita 3, gharama ya msingi na kuta za kuzuia udongo inaanza kuizidi nyumba yenyewe, na ushauri wetu ni kutafuta kwingine.

Vifaa hadi kiwanjani

Lori linaishia mahali fulani. Jua ni wapi, na kutoka hapo hadi kiwanjani ni mita ngapi na kimo gani, kabla fundi hajaandika makadirio. Kilichobaki kitabebwa kichwani, kwa pikipiki au kwa punda. Patana kwa mzigo uliofika salama, si kwa siku: mfuko wa saruji wa kilo 50, ndoo ya mchanga, bati moja, kila kimoja na bei yake. Mabati ya mita 3 hupita kona za njia nyembamba. Ya mita 6 hukunjwa njiani, na bati lililokunjwa huvuja.

Kwa kuwa usafiri ndio mzito, punguza uzito unaopanda. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo wa hapohapo, zinahitaji saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 10 hadi 12. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, kwa hiyo uchanganye na mchanga, tengeneza tofali chache za majaribio, na uzichunguze baada ya wiki mbili. Zifunike na uzimwagilie angalau siku 7. Tofali za kuchoma tunazikataa mlimani: tanuri moja humeza kuni nyingi, na kuni hizo zinatoka msituni. Hata mti ulio kwenye kiwanja chako usiukate kabla ya kumwona ofisa misitu wa wilaya.

Saruji isikae wiki nyingi. Unyevu wa mlimani huipata hata ndani ya mfuko. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike nailoni, na mfuko wenye mabonge magumu usitumike kwenye nguzo wala msingi.

Kibali cha ujenzi kinaombwa halmashauri ya wilaya, ukiwa na ramani ya nyumba na uthibitisho wa umiliki. Angalia ni wilaya ipi: Mgeta ni Mvomero, Kinole ni Morogoro Vijijini, na baadhi ya vitongoji vya mlimani juu ya mji viko Manispaa ya Morogoro.

Msingi, mitaro na paa

Kosa linalopasua nyumba nyingi ni hili: fundi anakata mlima upande mmoja, anatupa udongo upande wa pili, anashindilia kwa miguu na kujenga juu ya vyote viwili. Nusu ya nyumba imesimama kwenye ardhi ngumu, nusu kwenye kifusi. Masika ya pili kifusi kinashuka, na ufa unapanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye paa. Nyumba yote ikae kwenye udongo uliokatwa, au msingi ushuke kwa ngazi ukifuata mteremko, kila ngazi ikiwa imechimbwa hadi udongo mgumu. Nyumba nyepesi ya mbao inaweza kukaa kwenye nguzo za zege, na hiyo ndiyo inayosumbua mlima kidogo kuliko zote.

Udongo wa juu, ule mweusi, utenge pembeni kabla ya kukata. Chini yake kuna udongo usioota kitu. Wakulima wa Uluguru walilijua hilo vizuri mwaka 1955 walipopinga amri ya wakoloni ya kukata matuta ya ngazi: matuta yale yalifukia udongo wenye rutuba na kufunua usiozaa. Ukimaliza ujenzi urudishe ule mweusi, panda nyasi za vetiva au majani ya Guatemala kwa mistari inayofuata usawa wa mlima, si inayoshuka.

Kati ya ukuta wa nyuma na mlima uliokatwa acha mita 2. Hapo pite mtaro wa zege, upana sentimita 40 na kina 40, unaomwaga maji pembeni mwa nyumba, mahali penye mawe au nyasi nene. Juu ya mkato, mita 3 hivi kutoka ukingoni, chimba mtaro mwingine wa kukinga maji yasifike kwenye mkato kabisa. Mtaro huo wa juu ndio unaosahauliwa, na ndio unaofanya kazi kubwa zaidi. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na mabomba ya inchi 2 yanayopenya, kila mita 1.5, na nyuma yake kokoto badala ya udongo mtupu. Ukuta bila matundu husukumwa na maji hadi uanguke, hata ukiwa na nondo.

Sakafu iinuke sentimita 45 hadi 60 juu ya ardhi. Nailoni ya kuzuia unyevu ilale juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, bila kutobolewa. Paa litokeze sentimita 80 kila upande, kwa sababu mvua ya mlimani huja kwa upande ikisukumwa na upepo. Bati liwe geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na geji 30 kule juu hupiga kelele na kung'oka mapema. Tumia skrubu zenye raba badala ya misumari, na kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au bamba la chuma. Mbao zote, kenchi, papi na fremu, ziwe zimetiwa dawa ya mchwa.

Maji ya kunywa na kuoga

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kufurika. Paa la mita za mraba 70 linakupa lita 56 kwa kila milimita, kwa hiyo milimita 180 hujaza simtanki mbili za lita 5,000.

Je, zinatosha kiangazi? Chukua siku 120 kuanzia Juni. Mtunza nyumba na mwenzake, lita 30 kila mmoja kwa siku: lita 7,200. Wageni wanne, lita 40 kila mmoja kwa siku, siku mbili kwa kila wikendi, wikendi nane: lita 2,560. Jumla ni lita 9,760, yaani matangi mawili yanatosha kwa shida, bila kumwagilia bustani na bila kuosha gari. Ukiwa upande wa Mgeta au Lushoto ongeza la tatu. Tangi lililojaa lina tani 5. Likiwekwa kwenye kifusi huinama, bomba hukatika, na maji yote ya kiangazi hushuka bondeni usiku mmoja.

Maji ya kwanza ya mvua huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yakwepeshe: kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye gata, weka tawi la bomba la inchi 4 lililosimama, lenye mfuniko chini na tundu dogo la kuvujisha. Kila mita ya bomba hilo hubeba lita 8 hivi, kwa hiyo mita 4 na kidogo hushika nusu milimita ya kwanza ya paa letu. Mfuniko ufunguliwe na kusafishwa kila mwezi wa mvua. Bado maji ya kunywa yachemshwe.

Ukitaka kuvuta chemchemi kwa mserereko, kwanza ongea na wanaoitumia, hasa akina mama wanaochota, kisha omba kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya maji ya bonde: Wami/Ruvu kwa Uluguru, Pangani kwa sehemu kubwa ya Usambara Magharibi. Bomba lako lisichukue kabla ya ndoo zao kujaa. Mgogoro wa maji ndio unaomfukuza mgeni mlimani kuliko wizi.

Choo kiwe chini ya tangi na chemchemi, kwa umbali wa mita 30 au zaidi. Kwenye mteremko mkali shimo la kunyonya maji machafu likiwa fupi, maji hutokeza mita kumi chini, kwenye shamba la jirani. Likae mahali tambarare, mbali na ukingo wa mkato wowote.

Umeme

Kama nguzo ya TANESCO iko karibu, omba makadirio kwanza. Kama haipo, sola inatosha ukiwa na kiasi. Taa sita za wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 120. Simu nne ni 40 hivi. Redio na kifaa cha intaneti, 50. Jumla 210 kwa siku. Wakati wa ukungu usitegemee zaidi ya saa mbili na nusu za jua la maana, tena karibu theluthi moja hupotea njiani, kwa hiyo weka paneli ya wati 150. Betri ihimili karibu siku tatu za mawingu: ya asidi, volti 12 na ampea-saa 100, isishushwe chini ya nusu, au ya lithiamu ya ampea-saa 60. Paneli itazame kaskazini ikiwa na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua iioshe yenyewe. Friji, pasi na hita ya maji viondoe kwenye hesabu hii. Wanaolalamika kwamba sola haifai milimani kwa kawaida wameunganisha pasi.

Radi ni za kweli. Weka waya wa ardhini wenye fimbo ya shaba, na mtunza nyumba afundishwe kuchomoa vifaa mvua inapokaribia. Panya hula nyaya za darini; zipitishe ndani ya bomba.

Joto na moto

Kamwe usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Mwambie hivyo kila mgeni, hata akikuona unamsumbua. Kama unataka moto ndani, jenga meko yenye dohani inayopita kilele cha paa kwa sentimita 60, na wavu juu wa kuzuia ndege na nyuki. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama.

Agosti hadi Oktoba nyasi hukauka na moto wa mashambani hupanda mlima haraka. Fyeka ukanda wa mita 10 kuzunguka nyumba kila mwaka ifikapo Julai. Mikaratusi usipande karibu na nyumba wala chemchemi: hunywa maji mengi, na huwaka kwa kasi.

Mtunza nyumba na majirani

Nyumba inayofungwa wiki tatu bila mtu huliwa na unyevu kwanza, wezi baadaye. Mtu wa kuitunza ndiye kifaa muhimu kuliko vyote, naye ni mwajiriwa, si jamaa unayemtumia vocha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu: maelezo ya kazi kwa maandishi, likizo ya mwaka ya siku 28, saa za kazi zenye kikomo, na michango ya NSSF. Mshahara uende kila mwezi, ukiwa umekwenda mlimani au hukwenda. Anayelala kwenye nyumba siku zote saba anahitaji mbadala wake wa siku za mapumziko, na mbadala huyo alipwe na wewe. Mwachie fungu dogo la dharura kwenye simu, la skrubu, kipande cha bomba au nauli ya fundi, kwa sharti la kutuma picha na risiti. Kwa sharti hilo bati lililolegea hufungwa siku hiyohiyo, badala ya kusubiri uje Desemba ukute dari limeanguka.

Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mjulishe unapoleta wageni wa kulala. Changia maji, njia na misiba kama mwenye nyumba yeyote wa hapo. Siku ya kazi ya pamoja ya kuziba mashimo ya njia, tuma watu au fedha. Ukianza kupangisha nyumba kwa wageni wa kulipia, hiyo tayari ni biashara: nenda TRA na halmashauri ukapate leseni kabla ya mgeni wa kwanza.

Kufunga nyumba unaporudi Dar

Funga koki kuu kwenye tangi, si ya jikoni pekee. Bomba likipasuka ndani ukiwa Dar hutajua hadi tangi liishe. Funga gesi kwenye mtungi. Simamisha magodoro kwa ubavu, mbali na ukuta, na kabati zote ziachwe wazi. Matundu ya hewa yenye wavu yasizibwe, hata kama baridi inaingia: nyumba iliyofungwa kabisa hutoa ukungu mweusi ndani ya mwezi. Usiache unga, mchele wala sukari nje ya chombo cha chuma chenye mfuniko. Matunda yaondoke yote, maana tumbili na nyani wakishajifunza dirisha moja watarudi.

Unapofika tena, kagua dohani na dari kwa nyuki kabla ya kuwasha moto, kung'uta viatu na matandiko kwa ajili ya nyoka na nge, acha maji ya bomba yatiririke dakika chache, kisha zunguka nyumba ukiangalia nyufa. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya kila ufa. Usiopita alama ndani ya masika moja ni wa plasta tu, unaoipita ni wa msingi, umwite fundi kabla ya vuli. Gata na mitaro vizolewe majani mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, na tena baada ya dhoruba kubwa ya kwanza, kwa sababu dhoruba hiyo ndiyo inayoangusha majani yaliyobaki.